Asistani Asiyekunywa Maziwa

Katika miaka yote tuliyofanya kazi chini ya paa moja, sikumwona hata mara moja akinywa maziwa ambayo hakuyachemsha kwa mkono wake mwenyewe. Mahali pengine hilo lingekuwa jambo dogo. Katika milima ya Masisi halikuwa dogo. Huko, kwa watu wanaofuga ng'ombe, mgeni hupewa maziwa kabla ya kuulizwa habari, na anayeyakataa ameikataa nyumba nzima. Yeye aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu, kisha akaomba sufuria na moto. Wenyeji walimtazama kama mtu aliyepewa salamu akaomba kwanza aioshe. Mashanza, yaani maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu, hakuyagusa kabisa, kwa kuwa mashanza hayachemshwi.

Watu walimwita Papa Asistani, nami nitamwita hivyo. Lilikuwa jina la cheo ambacho serikali ya wakati ule iliwapa Wakongomani wachache waliosomea tiba miaka mingi, wakajua kupasua na kushona, lakini wasiruhusiwe kuitwa daktari. Daktari wetu alikuwa Mzungu mrefu, mpole, mchovu, aliyezunguka Masisi na Walikale na kurudi kwetu kila baada ya majuma kadhaa. Kati ya ziara moja na nyingine, hospitali yetu ndogo ya milimani ilikuwa ya Asistani. Mimi nilikuwa karani. Nilikuwa nimeacha seminari baada ya miaka saba ya Kilatini, na kazi yangu ilikuwa rejista, barua na vyeti. Kuhusu wazazi wake na kuzaliwa kwake sitaandika lolote. Mwenyewe alipenda kusema kwamba mgonjwa anayeanza habari zake kwa babu yake anaficha tumbo lake.

Alinawa mikono kama padri anayejiandaa kwa misa, kuanzia ncha za vidole hadi kiwiko, na katika dakika hizo hakuna aliyethubutu kumsemesha. Kucha alizikata kila asubuhi. Mikasi yake ya upasuaji aliipanga juu ya kitambaa cheupe kwa urefu, na mmoja ukihamishwa aliufahamu kabla hajafika mezani. Alikuwa na sauti ndogo. Sijapata kumsikia akiipandisha, hata alipomkemea mtu, na wauguzi walisema afadhali angepiga kelele.

Aliyataka maradhi yote yaje kwake yamefungwa katika jani la mgomba. Kila Jumatatu, kwenye ukuta wa mashariki wa hospitali, ulikuwepo mstari mrefu wa watu wazima wenye heshima zao, kila mmoja ameshika kifurushi cha jani na kutazama upande mwingine, kama watu wasiojuana. Asistani alivipokea vifurushi hivyo kimoja kimoja, akavipeleka kwenye hadubini, na kutoka huko alijua nani ana minyoo, nani ana kuhara damu, nani anajifanya mgonjwa ili asiende kutengeneza barabara. Msemo wake ulijulikana kutoka Sake hadi Walikale: "Muntu anaweza danganya. Choo haidanganye."

Msemo huo ulikuwa na ushahidi nyuma yake. Palikuwa na mheshimiwa mmoja wa milimani, mwenye ng'ombe wengi na aibu nyingi zaidi, ambaye hakuweza kustahimili kwamba mtu wa msituni, kama alivyokuwa Asistani, achungulie uchafu wake. Akaamuru mtumishi amtafutie kifurushi popote. Siku ya majibu alikuja mwenyewe, amevaa koti na kofia. Asistani alimpa kiti, akamwuliza hali ya nyumbani, kisha akamwambia kwa sauti yake ndogo: "Papa, weye sijue. Lakini ndama yako iko na minyoo mingi sana." Mheshimiwa yule alisimama, akakaa, akasimama tena. Kesho yake alileta cha kwake mwenyewe, na tangu hapo hakuwa na mtetezi wa hospitali mkali kama yeye.

Nalitaja hilo kwa kusudi. Kosa ninaloelekea kulisimulia halikutoka kwa mtu mzembe. Lilitoka kwa mtu ambaye alikuwa amepata sawa mara nyingi mno.

Kulikuwa na mambo ndani yake yasiyopatana. Mkono ule uliofungua tumbo la mwanamke mwenye uchungu uliokwama, ukamtoa mtoto mzima, ulitetemeka mbele ya ng'ombe. Aliwaogopa kupita kiasi. Tulipotembea malishoni alinishika mkono wa shati, akanihoji kuhusu kila fahali, kama mnyama huyo anamfahamu. Kwa wanaokufa alikuwa mwororo, akawashika mikono na kuwaimbia kwa lugha ya kwao. Kwa wanaoweza kupona alikuwa mkavu kama hakimu. Nilimwuliza sababu, akasema kwamba anayekufa hana tena haja ya kusema uongo.

Sasa nije kwa mama wa Mushaki.

Aliuza maziwa kwenye barabara ya Sake kwenda Masisi, mjane wa makamo, mwembamba, mwenye watoto waliokwisha kuoa na kuolewa. Alikuwa Mkristo wa kanisa lile linalowakataza waumini wake kula damu ya mnyama, kwa kufuata waliyoagiza mitume. Katazo hilo, kwa wafugaji, si jepesi. Zamani zao walikuwa wakimtoga ng'ombe shingoni kwa mshale butu, wakakinga damu, wakaipika na siagi hadi igande, wakampa mzazi aliyetoka kujifungua au mtu yeyote aliyepungukiwa nguvu. Wengi waliacha walipobatizwa. Wengine, ilisemwa, waliacha mchana tu. Mama huyu alikuwa na nafasi yake kwenye benchi la mbele la wanawake, na ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Alikuja kwetu akisindikizwa na kaka yake na mzee mmoja wa kanisa. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama ndani ya ndizi. Hatua kumi zilimtosha kukosa pumzi. Choo chake kilikuwa cheusi, kinanata, chenye mng'ao wa lami. Wayunani wa kale waliuita ugonjwa huo kwa rangi yake tu, nyeusi, bila kuongeza neno. Ni damu iliyotoka mahali juu tumboni, ikasafiri, ikageuka.

Asistani alimtafutia kwanza safura, minyoo ile midogo inayoingia kwa nyayo na kunyonya damu ya matumbo. Huko Walikale, katika joto la msitu, kila aliyekuwa na viganja vyeupe alikuwa nayo. Alitazama vifurushi vya siku tatu mfululizo. Hakuona yai hata moja. Ndipo alipotoa dawa iitwayo benzidini, ambayo ikichanganywa vizuri na kugusa damu, hata chembe, hugeuka buluu. Alidondosha tone kwenye kisahani cheupe. Likawa buluu kama ile ya kufulia mashuka.

Fikra yake ilikwenda hatua kwa hatua, nami niliifuata na kuikubali. Hana minyoo. Choo kina damu. Dawa haiwezi kutofautisha damu ya mtu na damu ya ng'ombe. Mwanamke ni wa wafugaji, naye amedhoofika. Watu wake humpa aliyedhoofika damu ya ng'ombe. Basi weupe wa viganja ni wa malaria za zamani, na weusi wa choo ni wa chakula. Kila jiwe lilikaa juu ya jiwe. Ukuta ukasimama wima, wenye kupendeza, juu ya mahali pasipo na msingi.

Alitoka barazani na kumwambia mama yule kwamba ale majani na maharage, na aache damu.

"Sikulake damu, Papa Asistani," alisema mama. "Tangu nilibatizwa, hata ku ulimi haijafika."

"Mama, miye sikukuuliza juu ya ubatizo. Niliuliza choo, na imesha nijibu."

Alisema hivyo mbele ya mzee wa kanisa. Nakumbuka jinsi mzee yule alivyogeuza uso polepole kumtazama mwanamke aliyemjua miaka ishirini. Aliniomba mimi karatasi. Nami nikaandika, kwa mwandiko ambao mapadri walinisifia, sentensi tatu, na kuzinakili katika rejista: Hana minyoo. Choo kina damu iliyoliwa. Anakana. Nilijivunia ufupi wake.

Karatasi hiyo ilisomwa kanisani Jumapili. Mama wa Mushaki alitengwa na Meza ya Bwana kwa makosa mawili, kula damu na kusema uongo. Nafasi yake kwenye benchi ilichukuliwa na mwingine. Alikaa nyuma, karibu na mlango, na wimbo ulianzishwa na sauti isiyojua pa kuanzia. Hayo niliyasikia baadaye. Wakati ule niliifunga rejista, nikaenda kula.

Miezi minne baadaye alirudi akiwa amebebwa kwenye kipoyi, machela ya mianzi, mabegani mwa kaka yake na wanaume watatu waliozoea kubeba mizigo ya migodi ya Rubaya. Mmoja wao aliniambia kwamba magunia ya huko yanalalamika zaidi kuliko huyu mama. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Aliponiona aliomba kipoyi kiwekwe chini.

"Karani, njo mukono yako iliandika ile karatasi?"

Nikasema ndiyo, ni mkono wangu.

"Uko na maandiko muzuri. Ilisomeka vizuri sana. Hata batoto ba nyuma balisikia."

Asistani alitoka akifuta mikono yake, na nadhani alikuwa tayari kumweleza tena habari ya majani na maharage. Mama hakumpa nafasi. Alijiinua kwa kiwiko, akasema maneno ambayo, mimi niliyesoma mantiki miaka miwili kwa Kilatini, yalinishtua kuliko hotuba yoyote ya walimu wangu.

"Munifungiye mu chumba. Munipe chakula na mukono yenu. Muntu wa kwetu asiingie hata na kikombe. Muhesabu siku zenye munapenda. Kisha muangalie tena ile choo yenu yenye haidanganye."

Asistani alimaliza kufuta mikono yake. Kisha akaniambia nilete ufunguo.

Siku tano nilikuwa nao ufunguo huo mfukoni. Mama alikula viazi, uji wa mahindi, na maziwa ambayo Asistani aliyachemsha mwenyewe, na jambo hilo la mwisho lilimchekesha hata katika udhaifu wake. Alisema hajapata kuona mtu anayemshitaki mpaka ng'ombe. Kaka yake alikaa nje ya mlango mchana kutwa, mgongo ukutani, akitukana kwa sauti ya chini kila nilipopita. Alikuwa na haki. Siku ya tano asubuhi nilipeleka kifurushi cha jani la mgomba kwa mkono wangu.

Kilikuwa cheusi. Tone likawa buluu.

Asistani aliosha kisahani, akachanganya dawa upya, akarudia. Buluu. Akaosha tena. Kisha, bila kunitazama, akatoka na kurudi na choo chake mwenyewe, akakipima kwa dawa ileile. Hakikubadilika. Alikaa kwenye kiti cha hadubini, mikono juu ya magoti, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba nililazimika kuinama. Alisema kwamba mwanamke yule alikuwa anavuja ndani kwa muda wa miezi minne na zaidi, na kwamba yeye alikuwa amemwagiza maharage.

Akaingia chumbani. Nilimfuata na rejista. Alifanya jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya kwa mgonjwa anayeweza kupona: aliketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Mama, sasa sema weye."

Naye akasema. Weusi ulikuwa ukija na kuondoka kwa miaka miwili. Hakutapika damu kamwe. Hakuwa na kiungulia. Na anapoinama kukamua, husikia kitu kama yai kinateleza tumboni kutoka upande huu kwenda ule, kama vile nacho kinatafuta mahali pa kukaa.

"Sababu gani hukusema ile ya yai?" Asistani aliuliza.

"Hukuniuliza, Papa. Uliuliza choo."

Alimlaza kwa ubavu wa kushoto, akaweka kiganja chini ya kitovu, akangoja. Nilikuwa nikitazama uso wake, na niliona wakati ule kitu kilipopita chini ya vidole vyake. Kilimtoroka. Akakifuata, kikamtoroka tena. Uvimbe unaotembea hivyo, alinieleza nje, hauko kwenye ini wala mfuko wa uzazi. Umening'inia kwenye utumbo mwembamba, na utumbo mwembamba hauna kamba inayoufunga mahali pamoja. Alikuwa amesoma habari zake katika kitabu. Hakuwa amemjua mtu yeyote aliyewahi kuushika.

Daktari alifika siku mbili baadaye. Alisikiliza, akamgusa mama, hakuhisi kitu, akamgusa tena, akahisi. Alisema kwamba katika miaka yake yote, Ulaya na hapa, hajaona uvimbe wa namna hiyo kwa mtu mzima aliye hai. Picha za mionzi zilikuwa zinapigwa mjini tu, na mvua zilikuwa zimeikata barabara chini ya Mushaki. Kwa damu aliyobakiwa nayo, hangefika. Ilibidi afunguliwe pale pale, kwa kukisia, na kabla ya hapo aongezewe damu.

Damu ya kaka yake ilipatana na yake, na yangu pia. Mzee wa kanisa alikuwa amekuja kumwombea, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Mama alitazama chupa iliyotundikwa na mpira mwekundu unaoshuka hadi mkononi mwake, kisha akamtazama mzee.

"Na hii, Papa Muzee? Iko kula?"

Mzee alifikiri kwa uaminifu. "Sijue, Mama," alisema. "Maandiko haisemi kitu juu ya mupira."

Kaka alicheka kwanza, akiwa bado amelala na sindano mkononi. Mama naye akacheka, na Asistani akatuomba sote tunyamaze kwa kuwa chupa ilikuwa inatikisika.

Asubuhi ya upasuaji niliwekwa pembeni kuandika saa na mapigo ya moyo. Harufu ya eteri, dawa ya usingizi, ilinijaa kichwani. Daktari alifungua, akatafuta kwenye tumbo la chakula na chini yake kidogo, mahali ambapo vidonda hupatikana kwa kawaida. Palikuwa safi. Mapigo yalikuwa yakiongezeka, nami niliyataja kwa sauti. Daktari alisema tumbo lifungwe, kwa kuwa mgonjwa hatavumilia zaidi. Asistani, upande wa pili wa meza, aliomba kwa Kifaransa chake cha taratibu apewe nafasi ya kuupitia utumbo wote, tangu mwanzo wake hadi mwisho. Wakatazamana juu ya vitambaa vyao vya uso. Daktari aliinua mikono yake, akairudisha nyuma kumpisha.

Huko kwao Asistani, mtu hanunui kamba ya mtego wala ya kuvukia mto bila kuivuta yote kati ya vidole, pima kwa pima, akisikiliza nyuzi. Ndivyo alivyofanya. Aliutoa utumbo, akaupitisha kidoleni, akaurudisha, akatoa mwingine. Hakuharakisha. Mara sehemu ya chini ikaanza kuonekana yenye buluu iliyofifia, kwa kuwa ilikuwa imejaa damu iliyokwisha kumwagika. Akaielekea, pima moja zaidi. Akasimama.

Uvimbe ulikuwa wa ukubwa wa ngumi ya mtoto, mwekundu, umetandwa na mishipa, umening'inia ukutani mwa utumbo kama tunda lisilo na haki ya kuwa pale. Nilitazama ingawa sikutakiwa kutazama. Nilishtuka, na kilichonishtua si ubaya wake. Ulikuwa umekaa ndani ya mama yule siku zote, huku mimi nikiandika kwamba anakana.

Waliukata pamoja na shubiri moja ya utumbo kila upande, wakaunganisha ncha mbili kwa uzi wa hariri, safu mbili. Daktari alishona ya kwanza na kumwachia Asistani ya pili. Walipoupasua uvimbe ule juu ya sahani, upande wa ndani ulikuwa na kishimo kidogo, kama alama ya ukucha kwenye udongo mbichi. Damu yote ya miaka miwili ilikuwa imepitia hapo.

Siku nne wodi nzima ilingoja jambo moja, kwamba hewa ipite, kwa kuwa ndiyo ishara ya utumbo uliounganishwa kwamba umekubali kuungana. Ilipopita, kaka yake alitoka mbio hadi barazani akaitangaza kama habari ya ndoa.

Mwili ulipona. Jina halikupona. Mzee wa kanisa alieleza kwa huzuni kwamba kutengwa kulitokana na ushahidi, na kurudishwa kunahitaji ushahidi. Wazee wenzake hawakuwepo hospitalini. Nilijitolea kuandika karatasi nyingine, ndefu zaidi, yenye muhuri. Mama wa Mushaki alikataa.

"Karatasi njo ilinitoa," alisema. "Karatasi haiwezi nirudisha."

Asistani alikuwa akipita na beseni. Hakusimama. Lakini Jumapili iliyofuata alinigongea mlango asubuhi, amevaa suti yake nyeusi, na chini ya kwapa amebeba chupa pana ya kioo iliyofungwa kwa kitambaa cha hospitali. Yeye hakuwa wa kanisa lile. Nilijua kilichomo ndani ya chupa, nikamwomba asifanye. Akaniuliza kama naona njia nyingine. Sikuiona. Lori la mboga lilitushusha mahali barabara ya Mushaki inapoanza kupanda, na kutoka hapo tulivuka malisho kwa miguu, kati ya ng'ombe. Mara hii hakunishika shati. Mikono yote miwili ilikuwa imeshughulika.

Aliingia baada ya wimbo wa pili, akatembea katikati hadi mbele, akaomba ruhusa kwa mzee, akaiweka chupa juu ya meza ndogo na kuifunua. Ndani ya formalini, dawa inayozuia kuoza, uvimbe ulikuwa umepauka, na kipande cha utumbo kiliusindikiza pande zote mbili. Mwanamke mmoja alifunika macho ya binti yake. Watu wa benchi la mbele walisogea nyuma kwa pamoja, na benchi likalia.

"Huyu Mama hakukula damu," Asistani alisema, na kwa sauti ile ndogo kila mtu ilibidi ainame. "Damu yake njo ilikuwa inakuliwa. Kitu yenye ilikula iko humu. Na miye njo nilimuita mwongo, mbele ya Muzee wenu. Choo haikudanganya. Ni miye nilisoma mubaya."

Kutoka nyuma, karibu na mlango, mama wa Mushaki alisimama, akaja taratibu, mkono juu ya mshono wake. Aliinama mbele ya chupa na kuitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemkagua ndama sokoni.

"Kumbe iko kadogo vile," alisema.

Kisha akaenda kwenye benchi la mbele. Aliyekuwa amekaa mahali pake alimpisha. Mzee wa kanisa alitafuta neno, akatazama kitabu, akatazama chupa, na hatimaye akamwomba aanzishe wimbo.

Kesho yake nilitaka kuufuta mstari ule katika rejista. Asistani alinizuia. Aliniamuru niuache kama ulivyo, na chini yake niandike: Nilikosea. Halafu akanichorea safu mpya upande wa kushoto wa kila ukurasa, kabla ya joto, kabla ya mapigo, kabla ya majibu ya hadubini. Juu yake aliandika mwenyewe: Mgonjwa anasema. Nilitunza safu hiyo hadi mwisho wa kazi yangu. Kipande cha uvimbe kilichopelekwa mjini kilijibiwa baada ya miezi mingi: umetokana na misuli ya ukuta wa utumbo, ni wa nadra, umekatwa wote. Msemo wake wa zamani hakuurudia tena. Wagonjwa waliendelea kuusema, naye alijifanya hasikii.

Mara ya mwisho nilipomwona, miaka ya hamsini ilikuwa inakaribia kwisha. Alikuwa amehamishiwa zahanati ya Kibua, huko Walikale, nami nilikuwa naenda huko kikazi. Lori letu liliposimama Mushaki, mama yule alikuwa barabarani na maziwa yake kama kawaida, amenenepa, viganja vyake vimerudi rangi. Aliposikia ninakoenda alinipa kibuyu cha mashanza kilichozibwa kwa nyasi safi.

"Umupe Papa Asistani," alisema. "Umuambie apime kwanza. Pengine iko na damu."

Nilimkuta barazani, nywele zimekuwa nyeupe. Mbele yake alikaa mzee wa shamba akimweleza kuhusu maumivu ya mgongo, ambayo kwa kadiri nilivyofahamu yalikuwa yameanza kwa babu yake. Asistani hakumkatiza. Alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti, na nikaona kwamba mikono ile ilikuwa inatetemeka kidogo hata pasipo na ng'ombe. Alikuwa ameacha kupasua mwaka uliotangulia, aliniambia baadaye, bila huzuni.

Mgonjwa alipoondoka nilimkabidhi kibuyu na ujumbe, neno kwa neno. Alikishika kwa mikono miwili. Aliniuliza kama mama yule anatembea mwenyewe, kama anaimba, kama choo ni cha kawaida. Nikasema sikumwuliza hilo la mwisho. Akatikisa kichwa, akasimama, akaingia chumba cha ndani, ambako nilijua hadubini na chupa za dawa ziliko, na nilisikia vyombo vikigongana. Nilidhani ameenda kuchukua kisahani.

Alirudi na vikombe viwili. Akaondoa nyasi mdomoni mwa kibuyu, akavijaza vyote viwili hadi ukingoni, akanisogezea kimoja. Kabla sijakigusa changu, alikuwa amekwisha kunywa chake chote.